Ufunguo wa Chumba cha Mdoli

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa chuo katuita sote tunaofundisha uuguzi. Imekuja kozi ya ualimu, ya mtandaoni. Mwisho wake kila mmoja atafundisha somo mbele ya kamera, mwezeshaji akitazama huko aliko. Atakayefanya vizuri kuliko wenzake atashika ufunguo wa chumba cha vitendo.

Ufunguo huo ninao mimi! Ninao tangu mdoli aletwe.

Nieleze. Mdoli ni mtoto mchanga wa mpira. Hutumika kujifunza namna ya kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Nimemtunza vyema. Mpaka leo yumo ndani ya nailoni yake. Wanafunzi humwona kupitia dirishani, kwa zamu.

Mwalimu wa ukunga, tunayemwita Mkunga, kauliza kama tunangoja wanafunzi wakajifunzie kwa mtoto wa mtu. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza kozi. Somo la kwanza: mwalimu asiseme sana. Nimemwandikia mwezeshaji kurasa kadhaa kumweleza kwa nini hilo si kweli. Mtandao ukakatika kabla sijafika kwenye hoja yenyewe.

Tena kuna maswali, kuna mazoezi, kuna mijadala na watu nisiowajua. Mke wangu kasema si nisome tu kama wenzangu, nisiwe mtu mzima hovyo. Yeye hajasomea ualimu. Nimemsamehe.

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni mali! Nimemwita kiranja wa darasa, binti mwenye adabu. Nimempa neno la siri la kozi, nikamwambia ni kazi ya nyumbani. Wagawane masomo, wayafanye yote kwa jina langu. Kauliza, sasa mwalimu utafanya nini? Nimemjibu kuwa nitasimamia.

Nimesimamia kibarazani, na chai.

Jumatatu, 11 Machi

Mambo mazuri. Nimefaulu maswali yote. Mwezeshaji kaniandikia kwamba michango yangu mjadalani ina unyenyekevu mkubwa. Nimestuka kidogo.

Mkunga yuko nyuma. Kwake mtandao haushiki mpaka apande juu ya tangi la maji. Nimempa pole. Ya mdomoni.

Jumatano, 13 Machi

Vurugu! Nimekuta madawati yamegeuzwa, wanafunzi wamekaa vikundi vikundi. Kila kikundi kina mtoto wake, soksi iliyoshindiliwa pamba. Huyu anaweka shingo sawa, huyu anajifanya kupuliza, huyu anahesabu kwa sauti, huyu anamkosoa mwenzake. Kiranja kaniambia ndivyo kozi yangu inavyoelekeza.

Nimerudisha madawati kwenye mistari. Kisha nimewaeleza faida za vikundi, slaidi baada ya slaidi, mpaka kengele ikalia. Nilipokuwa nikitoka nimesikia wakiniita Babu Slaidi. Nimefurahi. Babu ni neno la heshima.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya kamera. Mkuu kakaa nyuma, Mkunga kando yake. Mpango wangu: nimtoe mdoli kwenye nailoni hadharani. Waone moyo wangu! Lakini kwanza utangulizi.

Nilikuwa bado kwenye historia ya pafu nilipoona soksi zikitoka chini ya madawati. Vikundi tena! Nimewakata jicho. Hakuna aliyeniangalia. Walikuwa wakihesabu, nami nikalazimika kupaza sauti. Muda ukaisha, mdoli bado mezani, na nailoni yake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeshinda! Kumbe siku ile sauti haikufika kwa mwezeshaji. Kaona picha tu. Kaandika kwamba hajapata kuona mwalimu anayejua kuwaachia wanafunzi kazi kama mimi. Mkunga kawa wa pili.

Mkuu, ambaye sauti ilimfika yote, kanipa mkono. Kasema ahadi ni deni, ufunguo ni wangu. Kisha kamwita fundi, akang'oa mlango wa chumba.

Ijumaa, 22 Machi

Jana kiranja alikuwa zamu wodini. Mtoto kazaliwa kimya. Binti kaweka shingo sawa, kapuliza, kahesabu. Mtoto kalia. Mkunga kaja kunieleza huku machozi yanamtoka, akasema, "Mzee mwenzangu, umeona?"

Nimeona. Nimemfafanulia kwamba hayo ni matunda ya utangulizi wangu, hasa ile sehemu ya historia ya pafu. Kaondoka bila kuaga. Wivu.

Kozi ya ngazi ya pili imetangazwa. Nimekwishampa kiranja neno la siri. Chanda chema huvikwa pete: ufunguo nimeutia kamba, nauvaa shingoni. Mdoli sasa anashikwa na kila mtu, mchana kutwa. Sikutaka ugomvi. Nimeichukua nailoni yake, nikaikunja vizuri, nikaifungia kabatini.

Ufunguo wa kabati ninao mimi.