Nailoni Chini ya Feni

Optatus aliiona ile nailoni kabla hajavuta pumzi ya pili, akajua papo hapo kwamba Mungu hajamsahau.

Mezani kwake, katika kibanda chake cha ufundi pale Majengo, ilikuwepo kompyuta kubwa ya Mishi, dada wa Kondoa mwenye duka la kuchapa kazi za wanafunzi kule mtaa wa Kikuyu. Mishi alisema amebadilisha feni ya kupozea prosesa kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo mashine inachemka mpaka nyuzi tisini na nane, kisha inajizima. Kumbe chini ya feni mpya, nailoni ya kiwandani haijabanduliwa! Ni kuibandua tu, kupaka dawa ya kupozea, kufunga. Dakika tano. Fundi mwenye haya angesema hivyo na kuomba hela ya soda.

Haya? Optatus? Thubutu!

Alirudisha feni haraka, akavua kofia kama yuko msibani.

"Dada Mishi, pole."

"Mbona unanitisha, fundi?"

"Prosesa imeungua. Hapa tunaongea na maiti."

"Jamani! Na wanafunzi wanakabidhi tafiti Ijumaa! Wakihamia duka la jirani, mimi nimekwisha."

Optatus akahuzunika kwa niaba yake. Kisha, kwa huruma iliyomshangaza hata yeye, akamwonyesha kompyuta yake mwenyewe, ndogo lakini nzima. Wabadilishane tu. Yeye abaki na maiti, labda ataambulia vipuri.

"Kweli kaka? Si utapata hasara?"

"Acha tu, dada. Nimeumbwa hivi."

Na kwa kuwa hakutaka mtu arudi kesho kumlilia, akamwita mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulwahab. Wakampa shikamoo, wakamvutia kiti. Karatasi ikaandikwa: wamebadilishana kwa hiari, kila kitu kama kilivyo, hakuna kurudishiana. Sahihi tatu na muhuri. Mishi akapakia ile kompyuta ndogo kwenye bajaji, akishukuru mpaka akatia huruma.

Optatus akafunga mlango. Akabandua nailoni, akapaka dawa, akafunga feni kwa adabu zote, akawasha huku akipiga mluzi. Sitini. Sabini na tano. Mluzi ukakata. Tisini na nane, giza! Akafungua, akapaka upya, akaielekezea na feni ya mezani. Tisini na nane.

Alifika Kikuyu jasho likimtiririka. Kompyuta yake ilikuwa inachapa tafiti, na foleni ya wanafunzi imefika barazani.

"Dada, mashine yako inachemka!"

"Si nilikuambia inachemka?"

"Lakini nailoni nimeitoa!"

"Ahaa, kumbe uliiona." Mishi aliendelea kupanga karatasi. "Bodi yake ndiyo mbovu, inaimwagia prosesa umeme kupita kiasi. Haitengenezeki. Nailoni niliirudisha mwenyewe. Fundi wa kwanza akaniambia, dada, umesahau kubandua. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili vilevile. Nikaanza kukata tamaa, nikajiuliza, hivi Majengo nzima hakuna tapeli?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Optatus alitamani ardhi immeze.

"Usijali, kaka. Binamu yangu Mwanaidi anayo nyingine kule Kondoa, kubwa kuliko ile niliyokupa. Nayo inachemka."

Optatus akageuka aondoke. Akafika mlangoni, akasimama.

"Kubwa kiasi gani?" akauliza.