Kichekesho Chetu na Mwenyekiti wa Tuzo

Jumatatu, 9 Juni 2025. Usinge.

Miezi minane na siku kumi tangu nitoke Puge. Mgongo umekufa. Kutwa nimekaa chini kupanga tumbaku kwa madaraja. Si hilo lililonikasirisha. Sadiki mwenye banda la video ametangaza filamu tano zinazowania tuzo ya wilaya. Zote za vilio. Mke kapewa sumu. Yatima kafukuzwa. Mjane kafukuzwa. Kipofu, naye kafukuzwa. Kichekesho chetu hakimo! Vijana wa mtaa wa Chemchem walikirekodi hapa hapa shambani, na anayetumbukia kwenye pipa la maji na mzigo wa kuni ni mimi. Banda lilijaa siku tisa.

Orodha inafungwa Ijumaa. Majina ya waigizaji yatasomwa redioni Jumapili. Baba mkwe, Mzee Ezekia, hakosi redio. Alimchukua mke wangu Julieth, akasema atamrudisha siku atakayosikia jina langu likitajwa kwa heshima, popote. Na mimi nimeshamwambia Julieth afunge mizigo.

Jumatano, 11 Juni.

Nimemfuata mwenyekiti wa kamati, Mzee Yoramu, mwalimu mstaafu. Wote humwita Mzaramo. Nikatoa shikamoo, nikauliza filamu yetu ina kosa gani. Akasema haina. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, ikabidi atoke nje. Sasa? Akasema tuzo ni ya kazi nzito, kuchekesha hata mlevi anaweza.

Hata mlevi! Nilitumbukia pipani mara kumi na moja, mvua ikinyesha. Atumbukie yeye. Sisi tumbaku tunaipanga kwa jani lenyewe, hatuulizi kama mkulima alinuna. Na kwetu msibani mtani hujilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kitu, wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatiririka. Nani amewahi kusema ile si kazi nzito?

Hapo akili ikanijia. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, utani wetu ukaanzia njiani. Na mtani hakasirikiwi.

Ijumaa, 13 Juni.

Kamati ilikaa bandani. Niliingia nimejipaka masizi. Nikamvua Mzee kofia, nikaivaa, nikalala chali mezani juu ya orodha yao. Nikasema babu yangu alimbeba babu yake mgongoni kutoka pwani, maana miguu ya Wazaramo ni ya kuchezea ngoma tu. Kofia hairudi mpaka kichekesho kiandikwe. Banda zima likacheka. Hafsa muuza chai alishikilia ukuta. Wajumbe wawili walishaanza kutafuta kalamu.

Mzee hakucheka. Akauliza jina langu, kwetu wapi, na nimeoa kwa nani. Nikamtajia kwa majigambo.

“Mimi si Mzaramo,” akasema taratibu. “Nilifundisha Kisarawe miaka thelathini, jina likaning'ang'ania. Ezekia ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Umemvua kofia baba mkwe wako, Masolwa, na bado umelala.”

Kicheko kikakatika. Sisi mkwe tukikutana naye njiani tunajibanza vichakani mpaka apite. Mimi nilikuwa chali mbele yake, nyayo zikimtazama usoni.

Jumapili, 15 Juni.

Redio imesoma wateule. Wote wanalia. Kisha tangazo la kamati: Masolwa wa Puge amefungiwa kukanyaga kikao chochote cha tuzo kwa kumdhalilisha mkwe wake. Jina langu, wilaya nzima!

Julieth amepiga simu. Baba yake amenitoza faini ya mbuzi wawili, na mizigo imefunguliwa. Nikauliza baba yake alisemaje baada ya tangazo. Akasema alizima redio, akaenda nyuma ya ghala, wakamkuta amejishika mbavu, anacheka peke yake. Nikasema basi anisamehe. Julieth akasema alishamwuliza, akajibiwa kucheka ni kucheka, faini ni faini. Ukoo mzima wanacheka mafichoni halafu wanatoa adhabu hadharani! Hasira imenishika nashindwa hata kukohoa.

Lakini Hafsa ameniambia jambo. Orodha inaweza kufunguliwa kwa saini ya katibu. Katibu ni Modest, na Modest ni Mgogo. Mgogo kabisa, Hafsa ameapa. Wagogo ni watani zetu tangu enzi za misafara. Modest huyo amenunua pikipiki mpya. Kesho asubuhi naichukua kabla hajaamka.

Nimemwambia Julieth afunge mizigo upya. Alhamisi niko Puge. Modest akicheka mapema, Jumatano.