Pengo Katika Safu ya Magofuni

Jumatatu, 7 Julai 2025
Jabir, mtembeza wageni mwenzangu, kapeleka tena wageni kwenye magofu ya msikiti wa kale, kule karibu na Tumbe. Yeye anajua historia. Mimi nina sauti tu. Lakini nimepata njia. Keshokutwa wanakuja walimu kutoka Unguja, na nimemwahidi kiongozi wao, Bi Nadhira, kwamba wafu bado wanaswali pale. Shemeji yangu Mmanga atatangulia na dumu la maji, akanyage kwa miguu mitupu iliyolowa kutoka lile birika kavu la udhu hadi kibla. Mke wangu Siti kaniambia niache mchezo na nyumba ya Mungu. Nimemjibu haina hata paa.

Jumatano, 9 Julai
Jua kali. Nyayo zipo, mbichi, nyingi kuliko nilivyoagiza. Zimetoka birikani zikapanga safu mbele ya mihrabu. Za kurudi hakuna. Bi Nadhira akauliza mbona safu ina pengo la mtu mmoja. Nikasema ni langu. Nikaingia, nikafunga mikono.

Makosa. Bega likanigusa kulia, jingine kushoto, baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Kitu kikausogeza mguu wangu, kikaulinganisha na ile mingine. Kisha sikioni, kwa upole: "Hujatawadha, weye."

Kweli, sikuwa nimetawadha.

Nikatoka kinyumenyume. Walimu wakadhani ni unyenyekevu. Njiani tukakutana na Mmanga anasukuma baiskeli yenye pancha, dumu limejaa. Kaniomba radhi kwa kutofika.

Alhamisi, 10 Julai
Kanzu yangu haikauki mabegani. Siti kaipiga pasi. Ikiadhiniwa tu, inalowa upya. Jabir kaja kunijulia hali. Anasema yeye wageni huwazungusha kwa nje, na katika ukoo wake hakuna anayesimama pale ndani. Nikamuuliza kwa nini hakunionya. Kasema hakufikiria kuna mtu angejaribu.

Ijumaa, 11 Julai
Bi Nadhira kapiga simu. Wanakuja wengine, wengi zaidi, na wanataka kuniona nikisimama. Mmanga kakataa kwenda. Siti kanishika mkono, kanisihi. Nimekubali kwa Bi Nadhira papo hapo. Mmanga simhitaji, waliopo hawachelewi. Bi Nadhira akauliza kama wenyewe hawatakasirika. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, wale ni watu wangu.