Kitenzi Kisichojulikana Kama ni Jana au Leo

(Hotuba ya Mkurugenzi wa Idara ya Lugha za Maendeleo, siku ya kuzindua Darasa la Kiingereza kwa mafundi cherehani wa kiwanda cha nguo)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu Mwenyekiti wa kamati ndogo iliyoundwa kuichunga Kamati ya Maandalizi. Ndugu Mratibu wa Waratibu. Ndugu mwakilishi wa meneja wa kiwanda, ambaye naambiwa naye amemtuma mwakilishi wake, ambaye yuko njiani. Shemeji yangu, Afisa Ugavi wa mradi huu, aliyeipata nafasi hiyo baada ya ushindani mkali kati yake na yeye mwenyewe. Mafundi wa kola, mafundi wa mikono na nyinyi wa vifungo. Wageni waalikwa, wageni waliojialika, na wote ambao itifaki imewaruka: habari za asubuhi. (Mtu anasema ni saa nane mchana.) Habari za mchana. Kiongozi hachelewi, ndugu zangu; ni wananchi ndio huwahi.

Mtakumbuka kwamba mlikuja ofisini kwangu, mkaketi kwenye lile benchi la korido tangu kufunguliwa hadi kufungwa, mkaniambia: Mkurugenzi, kiwanda kimetangaza kuwa maelekezo ya oda zote sasa yatakuja kwa Kiingereza, baada ya miezi miwili, siku ya Jumatatu, kuna mtihani, na asiyefaulu anaacha mashine anakwenda nyumbani. Nikawasikiliza. Nikaguswa. Niliguswa kiasi kwamba nilipanda ndege mara tatu kwenda kukitafuta Kiingereza kwenye chanzo chake, maana maji ya kisima hayaulizwi kwenye mtungi. (Makofi ya shemeji.)

Huko tulifanya needs assessment, tukafanya benchmarking, tukakaa na stakeholders katika roundtable, yaani meza ya duara, ambayo nathibitisha ilikuwa ya mstatili, na tukatoka na roadmap. Tukagundua kwamba lugha ile ina vitenzi vingi vyenye adabu, lakini vingine ni vikaidi, havifuati kanuni. Kimoja leo kinaitwa 'go', jana kiliitwa 'went', hata mama yake mzazi hawezi kukitambua. Tukasema, tusiwachoshe akina mama hawa. Tuwape kitenzi kimoja, kikaidi kuliko vyote, wakikiweza hicho vingine vitawaogopa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nyinyi ni wengi na neno ni moja, kwa hiyo haliwezi kuharibika. Neno lenyewe ni 'put'. Tamkeni. (Watu wanatamka.) Nimesikia 'puti' huko nyuma. Haidhuru, hicho ni Kiingereza cha awamu ya pili.

Maana yake ni kuweka. Weka kitambaa mezani, weka uzi kwenye sindano. Maana yake pia ni kutia: kutia moyo, kutia saini, kutia fora. (Sauti: "Kutia chumvi.") Ndiyo, na chumvi. (Sauti nyingine: "Kutia mfukoni." Kicheko kirefu.) Huyo aandikwe jina, kwa ajili ya cheti.

Sasa nieleze ukaidi wake. Vitenzi vyenye adabu vikienda jana huvalishwa mkia wa 'ed', vikatambulika kwamba hivi vimeshapita. Put hakivai mkia. Leo put, jana put, na jambo likishakwisha kabisa, put. Nilipofundishwa hili, katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, nilitokwa na machozi ya kizalendo. Kwa sababu Kiswahili chetu, pamoja na utamu wake wote, kina umbea. Ukisema tumeweka, watu wanauliza kiko wapi. Ukisema tuliweka, wanauliza nani kakiondoa. Ukisema tutaweka, wanakuchekea usoni. Kijisilabi kimoja tu katikati ya neno, na kiongozi mzima anabaki uchi mbele ya kadamnasi. Lakini kwa Kiingereza niliwaambia wafadhili: We put windows, we put a roof, we put a teacher, yaani madirisha, paa na mwalimu. Sikusema uongo hata kidogo. Nao hawakuuliza ni lini, kwa kuwa neno lao wenyewe halikuwaambia waulize.

(Sauti: "Na hilo bati liko wapi?") Nimelisikia. Naona mko juani, naona mmejifunika vitambaa vya kazini, na utepe nitakaoukata umefungwa kati ya viti viwili vya plastiki kwa kuwa mlango haukupatikana mapema. Lakini wataalamu huliita jambo hili capacity building, yaani jengo la uwezo. Na uwezo haushikiki kwa mkono. Mkiona jengo la uwezo lina matofali, jueni hapo pamechakachuliwa. (Makofi ya shemeji. Kiti chake kinavunjika mguu. Anaendelea kupiga makofi akiwa amesimama.)

Twende kwenye matumizi. Kitenzi hiki hutembea na wapambe. 'Put on' ni kuvaa, kama nilivyoivaa suti hii kwa ajili yenu. 'Put off' ni kuahirisha. 'Put up with' ni kuvumilia. Tazameni busara ya lugha za wenzetu, mzunguko mzima wa mradi umo ndani ya kitenzi kimoja: sisi tunavaa tunakuja kuzindua, kisha tunaahirisha, kisha nyinyi mnavumilia. Na mvumilivu hula mbivu. Tathmini yetu inaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya walengwa wamekielewa. Hizo nne ni wapita njia waliosikia kwa bahati. Sijui mkurugenzi mwingine aliyewahi kufika hapo, na si kwamba najisifu, ni kwamba waliopaswa kunisifu wamenyamaza.

Nani kasimama pale? Ni Mama Vifungo. Karibu, mama yangu, lakini kwa kifupi. (Mama Vifungo anasema: "Mkurugenzi, mimi nimeshona vifungo pale tangu huyu mwanangu mkubwa yuko mgongoni. Baba yao hayupo, ni mimi na ile mashine. Keshokutwa nitapewa karatasi niisome. Mwalimu ni nani, na tunaanza lini?") Swali zuri. Nimelipokea, na mimi nikishapokea kitu huwa sirudishi. Mwalimu tume-put. ("Mmeweka au mtaweka?") Put. ("Na nikikuta kwenye karatasi neno jingine, ambalo si hilo?") Utakuwa umelikosa hilo moja tu, mama. ("Baba, karatasi nzima itakuwa ya maneno mengine.") Basi vumilia, na hapo umeshatumia kitenzi. (Mama Vifungo anabaki amesimama.)

Nisiwachoshe. Nikisema 'Put', semeni 'Tayari'. Put. (Shemeji: "Tayari.") Neno moja. (Shemeji: "Taifa moja.") Kiingereza juu. (Sauti: "Na sisi chini.")

Sasa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao fedha zao za mradi zimefika salama, na kilichobaki kufika ni mradi. Namshukuru mkandarasi, ambaye siku tukimpata tutamjulisha kwamba ameshamaliza kazi. Namshukuru mwalimu wa darasa hili kwa moyo wake wa kujitolea, na nafasi yake ikishaanzishwa tutamtafuta tumwambie. Nawashukuru na nyinyi wanafunzi, wahitimu wa kwanza wa darasa ambalo halijawahi kuwapo, jambo ambalo hata ng'ambo hawajalifikia.

Na kwa namna ya pekee namshukuru meneja wa kiwanda, mtu muungwana sana. Alinipigia simu asubuhi akaniambia ana huruma na mafundi wake, yuko radhi kuusogeza mtihani mbele miezi mitatu, ili muwe na muda wa kusoma. Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia kwa Kiingereza cha kunyooka: We put them in class. Yeye, kwa uzuri wa kitenzi hiki, akaelewa kwamba tuliwaweka darasani, mkasoma, mkamaliza. Akafurahi mno. Akasema kama wameshaiva, basi Jumatatu ya nini, mtihani ufanyike leo. (Kengele inasikika kutoka upande wa kiwandani.) Naona ndiyo hiyo inayowaita.

(Mama Vifungo ameshavua viatu, anakimbia navyo mkononi. Mafundi wengine wanamfuata. Mmoja anasikika akimuuliza mwenzake kama 'name' ni jina au ni nambari.)

Ndugu zangu, mbona mnaondoka? Sijajishukuru mwenyewe bado.