Mwalimu wa Radi Hana Moyo

Jumatatu, 4 Mei
“Mwalimu wa Radi alimpenda yule yatima kimoyomoyo.” Maneno ya Mfamasia hayo, mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji, kuhusu mwalimu katili wa zile riwaya za wachawi. Watu wazima wakaitikia! Upuuzi. Unampandisha mtoto juu ya mnara adake radi kwa mikono mitupu, kisha unampenda? Basi hata fisi anampenda mbuzi. Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Nitamwangusha kwa hoja.

Jumanne, 5 Mei
Silaha imepatikana! Juzuu la mwisho, nililolichukua kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Mwalimu anakata roho, anamwambia yatima: “Miaka yote nilikuwa nikikuwinda.” Nikikuwinda! Mfamasia huuza miwani ya kusomea. Ajiuzie moja.

Alhamisi, 7 Mei
Kampeni. Kinyozi ameahidi kura, mradi ninyamaze akininyoa. Mtihani mgumu, nimeufaulu nusu. Shemeji yangu, naye mwanachama, kadai mtu huweza kumkinga mtoto na kumwonea wivu kwa pumzi moja; moyo wa binadamu si chumba cha mtu mmoja. Nikamwambia huo wako ni nyumba ya kupanga. Mke wangu akadakia, bila kuulizwa: kwani wewe, baba watoto, unatafuta ukweli au unatafuta kiti? Nimesusa chai. Natafuta ukweli. Kiti ni cha kuukalia.

Jumamosi, 9 Mei
Nilisimama pale maktabani. Nikanguruma: “Nikikuwinda!” Kinyozi, kura yangu mwenyewe, akasema mbona kitabu chake kimeandikwa “nikikulinda”. Cha Shemeji pia. Vyote! Mfamasia akaomba kitabu changu, akasoma jalada taratibu, kama anayesoma maelezo ya dawa: *Kifo cha Mwalimu wa Ladi*. Walicheka hadi mkutubi akaja kutufokea. Mfamasia kapata kura zote ila yangu. Akanipa pole, eti ndugu yangu, tena na vidonge vya kichwa. Mshenzi. Vimenisaidia.

Jumapili, 10 Mei
Nimetafakari. Mchapaji wangu wa vichochoroni anaujua moyo wa mwalimu yule kuliko mwandishi wake. Wengi wamekosea herufi, mmoja kapatia. Ukweli haupigiwi kura. Basi sikilizeni, wanachama nyote, nawe Kinyozi msaliti uwe wa kwanza: Jumamosi njooni na vitabu vyenu, futeni hiyo L, andikeni W, na uchaguzi urudiwe!