Tarikhi ya Nyota Nane na Miwani Arobaini

Sogeeni, enyi mnaosikia vizuri na ninyi mnaotega sikio kwa kiganja, mpate khabari kuu ambayo mimi, mjane wa fundi cherehani, niliiona kwa macho yangu haya haya, kwa idhini ya Mola aliyeyaumba, asubuhi ile tulipoketi watu arobaini kwenye mabenchi ya zahanati ya macho tukingoja miwani.

Miwani ilikuwepo. Ilikuwa mezani mbele yetu, katika vijisanduku arobaini vyenye namba, vimejipanga kama askari wa mfalme. Lakini nani ni mwenye namba ipi, hilo lilijulikana na daftari la kompyuta peke yake; na daftari hilo, wiki ile, lilikuwa limehamishiwa kwenye mtambo mpya ulio mbali, na kompyuta ya karani haikuijua njia ya kulifikia. Daktari angeondoka saa saba mchana, asirudi ila baada ya miezi mitatu. Nami nilikuwa na miezi saba sijasoma Zaburi, nikikariri zile zilizobaki kichwani na kuogopa kwamba nazo zinapungua.

Saa nne subira ikawaishia watu. Mzee mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono, akafungua kijisanduku, akavaa.

"Hii ndiyo yangu. Naona mpaka vumbi."

"Vua! Ina maua pembeni, ya kike hiyo," akasema jirani yangu.

"Maua siyaoni, nimeyavaa."

Karani, mlinzi wa vijisanduku, akasimama akapaza sauti: "Wazazi wangu, nawaomba kwa heshima zote, rudisheni macho ya watu mezani!"

Ndipo alipoingia yeye, Fundi, binti mwembamba wa viatu vya raba, begi mgongoni kama podo la mishale, mshinda printa, mfufuaji wa simu zilizotumbukia majini. Akaketi mbele ya kompyuta ya karani, nasi sote tukawa nyuma yake kama jeshi lisilo na silaha. Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala pambo, ambalo humwitikia mtu kwa maandishi tu: unaliandikia amri, linakujibu. Ukikosea herufi moja, linakufukuza.

"Dada karani," akasema bila kugeuka, "nautaka mstari mmoja tu. Ndani yake mna anwani ya mtambo, jina la mtumiaji na nenosiri, vimeshikana kama mabehewa. Nikiubandika kwenye programu yako, daftari litafunguka."

"Na usipoupata?"

"Nitaupata."

Mashujaa wa kale waliapa kwa maneno mengi kuliko hayo, na si wote waliotimiza.

Akaandika amri. Dirisha likajibu kwamba haliijui. Akaisahihisha, akaiendea ngome upya, na tazama, mstari ukatokea, mrefu, mweupe, umelala ndani ya weusi. Akaunakili, akaubandika, akagonga kitufe. Kompyuta ikasema: Umekataliwa. Akanakili tena. Umekataliwa.

"Zinaruhusiwa mara ngapi?" karani akauliza, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Tano. Ya tano ikikosea, mlango unafungwa mpaka kesho."

Ya tatu ikakataliwa. Ya nne ikakataliwa. Saa sita ikapita. Hata mwenye kikohozi akakimeza.

Sasa mjue kwamba macho yangu yaliyonisaliti ni ya karibu. Ya mbali ni mazima, namtambua mbuzi wangu ng'ambo ya bonde. Nami sikuwa na kazi pale ila kutazama.

"Mjukuu wangu," nikasema, "hizo nyota nane katikati ni za nini?"

"Nyota?" mzee wa fimbo akadakia. "Mchana huu bibi anaona nyota! Mpeni miwani mbili."

Fundi hakucheka. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Bibi, unaziona kutoka huko?"

"Nane. Nimezihesabu kila ulipobandika."

"Nenosiri limefichwa," akasema taratibu. "Dirisha limelifunika kwa nyota, nami muda wote nabandika kifuniko."

"Basi liambie lifunue. Kwani limekukatalia?"

Halikuwa limemkatalia. Hakuwa ameliomba.

Akairudia amri, akaongeza mwishoni maneno ya kutaka nenosiri lionekane. Nyota nane zikaanguka kwa pamoja, na siri ikasimama wazi. Nami nikageuza uso ukutani, maana siri ya watu ni amana. Akanakili. Akabandika. Mkono ukasita juu ya kitufe.

"Mwite Mola, mama, kisha gonga," nikamwambia.

Akagonga. Daftari likafunguka, majina yakamiminika, na karani akayaita kwa sauti ya mpiga mbiu, mpaka akafika langu: "Thelathini na moja!"

Kijisanduku cha thelathini na moja kilikuwa kitupu. Mzee wa fimbo akavua yenye maua, akaifuta kwa shati lake, akanikabidhi.

"Nilikuwa nakupashia moto tu, bibi."

Na iandikwe basi, wajao wasome, kwamba siku ile ngome iliangushwa kwa amri moja, saa saba kasoro dakika kumi, na miwani arobaini ikapata pua zake arobaini, asikose hata mmoja. Fundi alikwisha kufunga begi na kuondoka; palikuwa na printa inayomngoja kwingine. Nami nilipofika nyumbani niliifungua Zaburi niliyodhani naikumbuka yote. Nilikuwa nimepoteza mistari miwili. Yote miwili ilikuwepo mahali pake.