Mchezo wa Mapacha Waja Nyamira

Jumatatu, 5 Julai 1971

Balaa limenifikia kabla ya chai. Bango limepigiliwa misumari kwenye mlango wa ukumbi. Jumamosi hii kikundi cha Nairobi kitaonyesha ule mchezo wa kuchekesha wa Mwingereza wa kale: mapacha, mvulana na msichana, wanapotezana meli ikizama, kisha msichana anavaa nguo za kiume. Wameugeuza Kiswahili. Meli inazama ziwani, na nyumba ya bibi tajiri iko katikati ya mashamba ya majani chai. Nyamira nzima haina habari nyingine.

Akaja dukani Dada Persis Kemuma, mkunga wa zahanati. Mimi nauza karabai na mafuta ya taa. Miaka yote hii nimemuuzia mafuta bila neno la maana. Leo akaniuliza kama naujua mchezo huo. Nikasema niliuona Kampala. Sijawahi kuvuka Kisumu! Akauliza unaishaje. Nikakumbuka kusikia kwamba Waingereza wa kale walipenda sana kuuana jukwaani. Nikasema wote wanakufa.

Nyuma yake alisimama Mwalimu Thadeus Nyasani, akichagua kioo cha taa. Akasema, kwa upole ule wake wa kuudhi, kwamba walifundishwa mchezo huo chuoni na hakuna anayekufa. Wanaoana. Ndiyo maana unachekesha.

Nikasema safari hii wamebadilisha. Wanakufa.

Persis akasahau mafuta. Akatoka na Nyasani, wakizungumza.

Jumanne, 6 Julai

Mdomo wangu huu! Kufikia saa nne fundi wa viatu alitaka kujua wanakufa kwa panga au kwa sumu. Kufikia jioni akina mama wa kanisani walikuwa wameapa kwamba watoto wao hawatapelekwa kutazama maiti.

Akaja Mama Jemimah Bosibori, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

"Okemwa, nani amekufa?"

Nikasema hakuna, mama.

"Basi kesho uzunguke uwaambie hivyo hivyo. Kila mlango uliofika na upuzi wako."

Jumatano, 7 Julai

Nimezunguka. Miguu imevimba. Nimetangaza soko zima kwamba hakuna atakayekufa, hata kuumwa kichwa.

Alasiri wakaja vijana wa Nyaramba. Walikuwa wamekodi lori waje kutazama vifo. Sasa wanataka kurudisha tiketi. Wanadai wamelaghaiwa, na mlaghai ni mimi.

Mama Jemimah tena. Akasema ukumbi ukiwa mtupu, kikundi hakitapanda tena milima hii, na kanisani ataniombea kwa sauti, kwa jina langu lote, Josiah Okemwa, ili Mungu asinichanganye na mwingine.

Nikatafuta njia ya katikati. Akina mama nimewaambia hakuna anayekufa. Vijana nimewaambia ni mmoja tu, lakini vibaya sana. Pande zote zimeridhika. Kumbe ninacho kichwa!

Alhamisi, 8 Julai

Persis haendi! Nimesikia leo. Mchezo ni Jumamosi saa tisa alasiri, na sisi ni Wasabato. Nyasani ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku tu.

Hapo wazo likanijia. Nikamkimbilia Mama Jemimah. Tuanze jua likishatua, Sabato ikiwa imekwisha! Akasema ukumbi hauna umeme, au nataka watu wacheze gizani? Nikasema nitatoa karabai zangu zote. Bure. Akateremsha sauti. Sijawahi kumsikia Mama Jemimah akiteremsha sauti. Akakubali.

Persis akaja mwenyewe kunishukuru. "Ndugu Josiah, hujui nilivyoutamani. Tangu nisome shuleni Sironga sijaona jukwaa." Nikasema nitamwekea kiti mbele kabisa, na changu kando yake. Akasema sawa. Alisema sawa!

Nyasani akapita ng'ambo ya barabara. Nikampungia mkono kama gavana.

Ijumaa, 9 Julai

Nimezing'arisha taa zote. Nimebeba viti viwili vyangu vya sebuleni, vyenye mito, nikaviweka safu ya mbele. Nikajaribu kukaa. Nikajaribu kumgeukia na kutabasamu. Vizuri.

Ndipo Mama Jemimah akauliza nani atazipiga pampu taa wakati wa mchezo. Nikasema mtu yeyote.

"Mtu yeyote ndiye aliyechoma jiko la shule. Utazipiga wewe. Utakaa pembeni, nyuma ya pazia."

Nikamweleza habari ya kiti. Akasema nisijali, kiti hakitakosa wa kukikalia.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 10 Julai

Nimekwisha.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nyuma ya pazia na kiberiti. Mchezo sikuuona, niliuona mgongo wake. Lakini pazia lina tundu, na kwenye tundu nilimwona Persis. Na juu ya kiti changu, juu ya mto wangu, Mwalimu Nyasani, akimnong'oneza.

Msichana akavaa suruali, ukumbi ukalipuka. Kisha likapita karibu nami jitu moja lenye maringo, limevaa soksi za njano, linaamini bibi mwenye nyumba analipenda. Watu walicheka hadi wengine wakaanguka chini. Mimi sikucheka. Mtu amejitahidi, kanunua soksi, kosa lake ni nini?

Nikabandika jicho kwenye tundu na kusahau pampu. Taa zikafifia moja baada ya nyingine. Zikazimika zote, pale hasa waigizaji wawili walipokuwa wamechomoa panga.

Giza. Mwigizaji mmoja akakanyagwa, akapiga yowe. Vijana wa Nyaramba wakashangilia: "Huyo! Huyo ndiye anayekufa!" Akina mama wakapiga mayowe, wakanyakua watoto, wakauvamia mlango. Mama Jemimah akaita jina langu lote.

Nilipopata kuwasha, nusu ya watu walikuwa nje, na Persis alikuwa ameshikana mikono na Nyasani. Sijui nani alianza kumshika mwenzake.

Watu wakarudi. Mchezo ukaendelea. Nilipiga pampu mpaka mwisho kama mtu mwenye adhabu. Hakuna aliyekufa. Walioana.

Jumapili, 11 Julai

Persis amekuja kununua mafuta. Alicheka jana mpaka mbavu zikauma, hata lile giza alilipenda. Mwalimu Nyasani ameomba aende kuonana na wazazi wa Persis. Nikasema hongera. Mafuta yakafurika kwenye mkebe, yakamwagika viatuni mwangu.

Akanitazama. "Ndugu Josiah, Kampala hukuenda."

Nikatikisa kichwa.

"Ungesema tu hujui. Mimi pia sikujua. Tungekaa tukashangaa pamoja. Mwalimu ni mtu mwema, lakini kila kicheko alinieleza kabla hakijafika."

Akachukua mkebe wake, akaenda.

Nikakaa juu ya debe. Nikaapa. Basi! Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema sijui. Nikalifanyia mazoezi nikiwa peke yangu dukani. Sijui. Sijui, dada. Ni neno jepesi kabisa.

Alasiri akaingia Eucabeth Bonareri, kiongozi wa kwaya, mjane mchanga mwenye mwanya unaofanya hata salamu yake iwe tamu. Mpiga kinanda wao amehamia Nyamache. Akauliza kama najua mtu anayeweza kupiga kinanda.

Nikafungua mdomo niseme sijui.

Naanza Jumatano. Nimemhakikishia nyimbo zote, hata zile ngumu. Limebaki jambo moja dogo la kuulizia kimya kimya kabla ya siku hiyo: vile vitufe vyeusi ni vya kazi gani?